Maneno ya Moyo Huenda Mawili Mawili

Ukishuka basi stendi ya Singida wakati wa mchana, ukasikia sauti ya mwanamke inayopita juu ya honi zote, "Jogoo wa mashudu ya alizeti huyo, baba, mshike mwenyewe uone uzito!", ujue huyo ni Mwanabaraka wa Utemini. Ana miaka sitini na minne, na katika hiyo, thelathini na mitano ameitumia kuuza kuku wa kienyeji. Baba yake alitoka Pangani, akaifuata kazi ya reli mpaka Manyoni. Mama yake alikuwa Mnyaturu wa Mwankoko. Kwa baba alirithi jina na sala, kwa mama akarithi mkono wa kuku: akimpapasa mmoja chini ya bawa tu, anakwambia kama ni mzima au kama ugonjwa wa mdondo umekwishampigia hodi.

Mumewe alifariki mtoto wao Ashrafu akiwa darasa la tano. Siku arobaini zilipokwisha, Mwanabaraka alijitwisha tenga, akaenda mnadani. Kuku walimsomesha Ashrafu mpaka akawa muuguzi. Watu wa Utemini wakitaka kumtania humwambia kwamba shahada ya mwanawe ina manyoya. Naye hujibu, "Afadhali yenye manyoya kuliko yenye upara." Hapo mtu huenda zake.

Ashrafu alikwenda kufanya kazi Uingereza, mji uitwao Leeds, akaoa hukohuko, wakapata binti, wakamwita Maryam. Bibi na mjukuu walijuana kwa simu. Kila Ijumaa Mwanabaraka aliweka simu mbele yake, akakaza kilemba, akangoja ile sura ndogo itokee. Ikitokea ilisema, "Hello, Bibi. I'm fine. Bye, Bibi." Halafu ikaondoka. Miaka sita, kila Ijumaa, yuko salama na kwaheri. Hayo hayajazi hata kisoda.

Basi mwaka huu Ashrafu akapiga simu na habari mbili kwa pamoja. Ya kwanza, anakuja na Maryam shule zikifungwa. Ya pili, yeye mwenyewe atakwenda Manyoni siku tatu kumwona baba yake mkubwa anayeumwa, na mtoto atabaki Utemini na bibi yake. "Nikirudi Alhamisi nitamuuliza mwenyewe, Mama. Akisema anataka kubaki, nitamwacha kwako likizo nzima, wiki sita. Akisema hataki, naondoka naye. Ana miaka kumi na mmoja, sitamlazimisha."

"Atabaki," akasema Mwanabaraka.

"Mama, hamjuani. Hajui Kiswahili."

"Nimekwambia atabaki. Kata simu, unakula vocha."

Alipokata, ndipo akakaa chini akafikiri. Kiingereza cha kuuzia kuku alikuwa nacho cha kutosha. Aliweza kumwambia mzungu bei, uzito na uzima wa kuku, na mzungu akatoa pesa. Lakini mjukuu hasemi naye bei. Alifunga khanga akaenda mjini, kwenye duka la vitambaa la Sushila.

Sushila alizaliwa palepale Singida, katika chumba kilicho nyuma ya duka. Ni Mhindi asiyekula nyama ya aina yoyote, wala yai. Hajawahi kununua hata unyoya kwa Mwanabaraka, na bado ndiye shoga yake mkubwa hapa duniani. Wajukuu wake wako Uingereza nao, Shreya na mdogo wake, na kila Jumapili huzungumza nao kwa Kiingereza saa nzima, wakicheka, wakinuna, wakipatana.

"Mama Nikhil," Mwanabaraka akamwambia, "nifundishe Kiingereza cha moyo."

"Mama Ashrafu, Kiingereza unacho. Nilikusikia mpaka huku juzi ukimgombeza yule mtalii."

"Kile cha mdomo. Nataka cha moyo. Mtoto akiwa na huzuni nimwambieje? Akiogopa? Nikifurahi mimi nimwambieje ajue?"

Sushila akatoa daftari jipya la mistari chini ya meza, akavaa miwani. "Sikiliza basi. Kiingereza cha moyo hakiendi neno mojamoja. Ukisema 'sorry' peke yake, umemkanyaga mtu kidole sokoni, mnapita. Ukiwa umemuumiza kweli, unasema 'deeply sorry', pole inayotoka chini kabisa. Aliyeogopa mpaka akakakamaa kama ubao ni 'scared stiff'. Mwenye wasiwasi wa mtoto ambaye hajarudi ni 'worried sick', wasiwasi mpaka ugonjwa. Aliyelitegemea jambo akalikosa ni 'bitterly disappointed', yaani shubiri tupu mdomoni."

"Na haya hayabadilishani wenza? Siwezi kusema 'bitterly sorry'?"

"Watakuelewa. Lakini watajua umemfunga jogoo na bata."

Hapo Mwanabaraka alielewa papo hapo, pasipo kuongezewa neno. Kuku huwafunga wawiliwawili miguuni kwa kamba ya katani, na huwafunga waliokua pamoja. Ukiwafunga wageni kwa wageni watadonoana njia nzima, ufike stendi na majeraha. Akaona pia jambo jingine, akalisema: "Sisi huzuni hutuingia, hasira hutupanda, hofu hutushika. Hawa wenzetu wanazipima kina, kama wachimba visima."

Kwa wiki saba alijifunza. Sushila aliandika Kiingereza upande mmoja wa ukurasa, Mwanabaraka akaandika Kiswahili upande wa pili kwa herufi zake kubwa. Alfajiri, akifunga kuku uani, aliwafanyia mazoezi walewale. Alimshika tetea mguu akamwambia, "Deeply sorry, mama." Akamgeukia jogoo anayehangaika, "Worried sick, wewe!" Yunisi, mama wa nyumba ya pili anayemsaidia kupika kukiwa na wageni, alimwambia kwamba kuku wakishajua Kiingereza wapandishwe bei. Wiki saba zikaisha akiwa na jozi thelathini na mbili kichwani.

Maryam alifika Jumatatu mchana, mrefu, mwembamba, nywele zimesukwa vizuri, macho yanatazama miguu. Mwanabaraka alimkumbatia akamtazama usoni, akamwita kama bibi yeyote wa kwetu anavyomwita mjukuu wa kike: "Karibu, mke mwenzangu! Mume wetu ametangulia, tumebaki wewe na mimi." Kisha kwa Kiingereza, kwa sauti ya stendi, akamwambia ana furaha iliyovuka mipaka. Mtoto alishtuka kidogo, akatabasamu. Ashrafu alikunywa maji, akakatiwa muwa wa haraka wa kutafuna njiani, akaondoka kwenda Manyoni.

Alasiri ile Mwanabaraka alimfanyia mgeni heshima inayomstahili. Nyumbani kwao, tangu kwa mama yake kule Mwankoko, mgeni hakaribishwi kwa kuku aliyekwisha kufa. Huletewa kuku mzima, akakabidhiwa mkononi, akaambiwa huyu ni wako. Mgeni humshika, humpima, hushukuru, ajue kwamba hakupewa kipande kilichobaki jana. Kisha kuku hurudishwa, na kesho yake huwa kitoweo. Mwanabaraka alichagua pora mwekundu, jogoo kijana aliyekuwa amemwekea mteja wa Mwanza, akamweka mikononi mwa Maryam. "For you," akasema. "Your chicken."

Uso wa yule mtoto uliwaka kama umewashiwa taa. Alikaa na yule pora uani mpaka jua likashuka, akimlisha punje za mtama kiganjani, akimsemesha. Akampa na jina, Toby. Mwanabaraka alimtazama kutoka jikoni akasema moyoni, tazama mtoto wa watu anavyokithamini kitoweo chake. Ashrafu hakuniambia kama amemlea hivi.

Asubuhi alimwita mzee Mrisho, fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara, aje na kisu. Kuku alichinjwa nyuma ya jiko, kwa bismillahi, wakati mtoto anaoga.

Mchana mkeka ulitandikwa. Yunisi alikuwepo, Mrisho alikuwepo, wali ulikuwepo na mchuzi mzito. Mwanabaraka akampakulia mjukuu paja, na juu ya paja akamwekea firigisi, ambayo katika nyumba ile hawekewi mtu hivihivi. Maryam alikuwa anachungulia uani. "Bibi, where's Toby?"

Yunisi ndiye aliyenyoosha kidole kwenye sufuria.

Mtoto alitazama sufuria, akatazama sahani yake, na uso ukavunjika. Akaangua kilio. Na wale watu wazima watatu, wasamehewe, wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Mji unaoishi kwa kuku haujapata kuona mtu akimlilia kuku. Mrisho alipaliwa na wali. Maryam akainuka, akakimbilia chumbani, na komeo likasikika likiingia mahali pake.

Ilikuwa Jumanne. Alhamisi Ashrafu anarudi na swali lake.

"Mpigie baba yake azungumze naye," Yunisi akashauri.

"Nimpigie Ashrafu? Atageuza gari leo hii, amchukue. Hapana. Nina maneno."

Akasimama mlangoni, akajiweka sawa. "Maryam! I am deeply sorry!" "Terribly sorry!" "I am worried sick!" Akaendelea hivyo, jozi baada ya jozi, kama anavyopitisha jogoo dirisha hadi dirisha la basi, na mlango haukujibu. Akaweka soda baridi kizingitini, maana kwa kawaida mtu mzima akimkosea mtoto humnunulia soda, shauri likaisha. Soda ikapata moto pale.

Akatoka, akaenda mjini kwa miguu. Sushila alimsikiliza mpaka mwisho, mkono umeshika shavu.

"Mama Ashrafu. Ulimpa mtoto rafiki, halafu ukamlisha?"

"Nilimpa heshima!"

"Najua ni heshima. Mimi nimezaliwa hapa. Lakini jozi ya hilo sina. Kwetu halijawahi kutokea na halitatokea."

"Basi na wewe umeishiwa," akasema Mwanabaraka, akainuka. Wala hakukata tamaa. Alirudi akitembea kwa haraka, akijiuliza kwa njia anayoijua. Mteja unamwonyesha mwekundu, hataki. Unamwonyesha mweusi, kishingo asiye na manyoya shingoni, tetea, hataki. Mwuzaji mjinga ataendelea kuonyesha mpaka basi liondoke. Mwenye akili hufunga mdomo akamuuliza mteja, wewe ulikuja kutafuta nini? Naye Mwanabaraka mchana wote amesimama pale mlangoni akitangaza moyo wake mwenyewe.

Alipofika alichukua daftari na kalamu, akapiga magoti kwa shida, akavisukuma chini ya mlango. "Maryam," akasema, safari hii kwa sauti ndogo ambayo hata yeye haijui vizuri. "Bibi finish talking. Now you. Your heart. Show me."

Alikaa sakafuni akingoja. Alisikia ukurasa ukifunuliwa. Ukafunuliwa tena. Kalamu ikakwaruza. Baada ya muda daftari likatoka kwa kona, polepole.

Pale penye "bitterly disappointed" mtoto alikuwa amepiga mkwaju wa kalamu: hapana, si hiyo. "Scared stiff", mkwaju. "Badly hurt", kuumizwa vibaya, alikuwa ameizungushia duara. Mwanabaraka akaitikia kwa kichwa, hilo alilitarajia. Lakini chini kabisa ya ukurasa kulikuwa na jozi iliyozungushiwa duara tatu, kalamu imekazwa mpaka karatasi ikachanika: "deeply ashamed". Na pembeni, kwa herufi kubwa za Mwanabaraka mwenyewe: aibu nzito.

Aibu? Aliisoma mara mbili. Aibu ya nini, kuku si amechinjwa na sisi? Halafu akakisikia tena kile kicheko cha mchana, na katika kicheko kile, juu ya vyote, akaisikia sauti yake mwenyewe, maana sauti ya stendi haijui kucheka kwa kipimo.

Kumwumiza mtoto ni jambo moja. Kumwaibisha mgeni kwenye mkeka wako, na mkono wake uko kwenye sahani yako, ni jambo jingine kabisa. Mama yake wa Mwankoko asingelala na jambo hilo. Akainuka.

"Yunisi, acha masufuria, njoo. Mwite na Mrisho."

"Amefungua?"

"Hajafungua. Tumemwaibisha mgeni."

"Sisi? Si kuku tu jamani, Bi Mwana?"

"Kuku ni wangu, nitamjibia mwenyewe. Kicheko ni chetu sote."

Yunisi akajifuta mikono kwenye khanga, akaja. Mrisho alikuja na mikono ya grisi. Wakakaa watatu mbele ya mlango uliofungwa, kama wamekuja kuposa.

"Mrisho," Mwanabaraka akamwuliza, "wewe ulipata kumlilia mnyama?"

"Mimi? Mtu mzima na ndevu zangu?"

"Ulipokuwa mdogo."

Mrisho akatazama kucha. "Kulikuwa na beberu."

"Hadithia. Kwa sauti. Na uonyeshe kwa mwili, maana mtoto hajui Kiswahili, labda atachungulia."

"Mwanabaraka, mimi nina wajukuu tisa."

"Wakikusikia watakupenda zaidi. Hadithia."

Basi Mrisho akaanza, kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa kusahau kwamba anasikilizwa. Jinsi beberu yule alivyomfuata mpaka madrasa akalala mlangoni. Jinsi Idi ilivyofika na baba yake akatoa kisu. Na Mwanabaraka, mdomo ukiwa karibu na mlango, akatafsiri kwa mali aliyokuwa nayo: "Mrisho, small boy! Goat, his friend! Idi come, they cut goat. Mrisho burst into tears!"

"Umemwambiaje?" Mrisho akauliza.

"Kwamba uliangua kilio."

"Mwambie na wenzangu walinicheka mpaka msikitini."

"Everybody laugh! Mrisho deeply ashamed!"

"Na kwamba sikula siku mbili."

"Two days no eating!" akapaza Mwanabaraka. "Leo wali wangu umekula sahani tatu," akamalizia kwa Kiswahili, kwa upande.

Yunisi naye, asiachwe nyuma, akataja bata wake wa utotoni, akamwiga anavyotembea, na jinsi yeye alivyolia siku bata alipouzwa. Na ndani ya chumba wakasikia nyayo zikisogea karibu na mlango.

Hapo Mwanabaraka akawanyamazisha kwa mkono. Katika umri wake hajawahi kumwomba mtoto msamaha mbele ya watu. Mtu mzima hafanyi hivyo, hununua soda. Akasema, mara moja tu na bila kupaza: "Maryam. Me, Bibi, I laugh at you. I am deeply sorry."

Komeo likatoka. Mlango ukafunguka kiasi cha jicho moja, jicho jekundu, limevimba. Likamtazama Mrisho.

"What was the goat's name?"

"Anauliza jina la beberu," akasema Mwanabaraka.

Mrisho alikuwa hajalitaja jina lile miaka sitini. Akakohoa. "Kaptula," akasema. "Alikuwa mweupe, nyuma mweusi. Kama amevaa kaptula ya shule."

Alipoelezwa kwa ishara kaptula ni nini, na Mrisho akasimama akajishika mapaja kuonyesha, mtoto alicheka, kamasi zikamtoka, akalia tena kidogo, akaja akakaa katikati yao. Wali ulikuwa umepoa. Mwanabaraka akaupeleka mchuzi wote kwa Yunisi, akamchemshia mjukuu viazi, wakala pamoja. Jumatano walikwenda mjini kwa Sushila, na Maryam na Sushila wakazungumza kwa kasi ambayo Mwanabaraka hakushika hata nusu, wala hakuona wivu.

Alhamisi Ashrafu alirudi kutoka Manyoni. Hakuwa ameshuka vizuri, Maryam akamwambia yote kwa pumzi moja, kuku, kisu, sufuria. Ashrafu akashika kichwa. "Mama! Hukumwambia?" Akaingia ndani, akatoka na begi la waridi la binti yake, akalitia garini kabla hajauliza lolote.

"Muulize," akasema Mwanabaraka. "Uliahidi utamuuliza."

Ashrafu akachuchumaa mbele ya binti yake, akamuuliza kwa Kiingereza. Maryam alitazama gari, akatazama ua, akamtazama bibi yake. Akasema ana "mixed feelings".

"Mama, anasema—"

"Nimesikia. Hilo Mama Nikhil hakunifundisha, lakini nimelisoma usoni kwake. Moyo wake una huku na huku. Si kosa. Hata mimi nilipoolewa nilikuwa hivyohivyo. Mwambie aseme kinachofuata."

Maryam akasema taratibu, akihesabu kwa vidole ili bibi aone. Wiki mbili, si sita. Baada ya hapo ataamua tena. Na katika wiki hizo mbili asione kuku kwenye sahani, yake wala ya mtu mwingine.

"Katika nyumba hii?" Ashrafu akacheka kwa mshangao. "Mama, wewe utakula nini?"

"Dengu. Mama Nikhil ana miaka sabini na miwili hajala kuku, na ana meno kukushinda wewe." Mwanabaraka akampa mjukuu mkono, na mjukuu akaushika. "Nimekubali. Wiki mbili za kuanzia zinatosha, hizo nne zilizobaki nitazitafuta humohumo. Sasa wewe begi la mtoto lirudishe ndani, na usiliburute, nimefagia."